Nitajie Njia

Mwangaluka, mjukuu wangu Kabula. Huku Kimali pamba imeanza kupasuka, na shangazi yako amejifungua wa kike.

Umeniuliza kwa nini kila ukienda porini kupima ardhi nang'ang'ania unitajie njia, wakati siwezi kukufuata.

Nilipokuwa msichana niliaga kwamba naenda kwa mjomba kwa njia ya mtoni. Nikakuta mto umejaa, nikazungukia mlimani bila kumwambia mtu, mguu ukateguka. Jioni nikasikia mwano, lile yowe letu la kuitana. Nikadhani ng'ombe wameibwa, nikajificha kichakani kimya, wanaume wafukuze wezi wao. Kumbe nilikuwa natafutwa mimi, kule mtoni.

Kesho yake wachungaji waliponifikisha nyumbani, mama alifungua mdomo aniite, sauti haikutoka. Alikuwa ameimaliza kwenye maji, akiita jina langu.

Basi kabla mtandao haujakata, nitajie njia. Ukiibadilisha, mwachie ujumbe hata mwenye duka la mwisho. Simu yangu ina chaji muda wote.

Sauti yangu imekuwa ndogo siku hizi, Kabula. Nataka nijue niielekeze wapi.

Bibi yako