Kopo la Bibi

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya duka la viatu,
9 Juni.

Mpendwa mwanangu Kijiko,

Hujambo? Miguu bado inavimba kwa kusimama wodini? Mimi shangazi yako ni mzima, isipokuwa mgongo, ulioniomba likizo nikaunyima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Unasema ulimpa mgonjwa paracetamol bila kumuuliza amekunywa nini kingine, kumbe alishameza dawa ya mafua aliyoletewa na mkewe, na paracetamol imo humo humo. Ukaenda mwenyewe kwa sista mkuu ukasema. Mgonjwa akapimwa, hana neno. Na sasa unataka kuacha chuo cha uuguzi.

Pole, mwanangu. Aibu haina kidonge.

Nilimsomea bibi yako. Usinune, macho yake hayasomi tena, lakini masikio yanadai haki yao. Akaagiza lile kopo lake la biskuti, unalolijua, ambamo vidonge vimechanganyika kama vifungo.

"Vya magoti nameza viwili, mara nne kwa siku," akasema. "Na vya mafua juu yake, tangu Ijumaa. Mjukuu wangu anasemaje hapo?"

"Anasema paracetamol imo kwenye vyote viwili, mama."

"Basi nimeimeza mara mbili."

Siku hiyo hiyo tukabeba kopo hadi zahanati. Mfamasia akahesabu, akavua miwani. Bibi alikuwa amevuka kipimo cha siku kwa siku nne mfululizo. Damu ikapimwa, ini limesalimika. Ila angeendelea wiki moja zaidi, mfamasia alisema, tusingekuwa tunacheka.

Mimi niliwahi kukata mkono wa gauni la mteja ukawa mfupi. Nikamwambia ndio mtindo. Mpaka leo anautembeza mtaani, nami napita njia nyingine. Wewe hukumwambia mtu kuwa ndio mtindo. Ulisema, na kosa lako likatangulia kufika nyumbani, likamwokoa bibi yako.

Siku hizi ukimletea kitu anauliza, "Ndani mna nini, na leo nimeshakunywa nini?" Jana ilikuwa chai.

Baba yako anakusalimu, na mjomba kinyozi pia. Bibi anasema ukiacha chuo ukarudi sasa atakupokea, ila hatakwambia umefanya vizuri. Vidonge visivyo na pakiti mfamasia alivichukua. Kopo amenipa mimi, niweke vifungo.

Mungu akutunzie mikono, na ulimi wako usichoke kuuliza.

Akupendaye, ukipatia na ukikosea,
Shangazi