Mlango wa Mti wa Janeffer

Chepseon,
Jumatatu asubuhi

Kwako Baba Sally,

Chamgei, kama mnavyosalimiana kwenu. Nakusalimu katika jina la Bwana, nikitumaini kwamba goti lako limetulia na kwamba hewa ya Silibwet, huko kwa Sally, inakufaa. Sisi huku ni wazima. Phanice wangu anakusalimu, ng'ombe amezaa ndama jike, na majani chai yanachumwa ingawa mvua inafika kila siku saa tisa kama mtu aliyeajiriwa. Barua hii imefungwa pamoja na kipande cha ubao. Kiweke kando kwanza, nitakifikia.

Najua unashangaa mimi kukuandikia. Simu zangu uliacha kupokea tangu Agosti mwaka jana. Lakini kuna habari ya kanisa inayokuhusu, na ni haki yako kuisikia kutoka kwangu.

Ule mlango mkubwa umeng'olewa. Unaukumbuka siku ya kufungua kanisa: wageni wamepanga mstari, kwaya imeshaanza, mvua nayo ikaingia, na mlango ukagoma. Kipkemboi aliusukuma kwa bega mpaka kifungo cha koti kikaruka. Mgeni wa heshima aliingilia mlango wa nyuma, kofia yake ikidondoka maji. Tangu siku hiyo mlango huo ulifungika siku za jua tu, na chini yake kuku wa Nyabate walipita bila kuinama.

Wiki jana kamati ilikaa kuchagua mlango mpya. Nyabate, ambaye sasa ni katibu, alitaka wa bodi. Alisema bodi inatoka kiwandani imenyooka, haina nundu wala haipindi, na makabati yake ya jikoni ni ushahidi. Kipkemboi akamjibu kwamba bodi ni vumbi la mbao na gundi, na mvua yetu ikiipiga mwezi mmoja itafura kama mandazi. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Nyabate akasema kwamba mbao ya mti tulishaijaribu, na mti wa Kimeli, yaani wako wewe, ulituaibisha mbele ya wageni. Wote waligeuka kuniangalia mimi, fundi.

Unajua ninavyozungumza juu ya bodi. Miaka thelathini nimeziita biskuti. Ukweli ni kwamba kila kitu kina mahali pake. Kabati la ndani, rafu, dari, bodi inafaa kabisa, bora tu maji ya kudeki yasiifikie. Mlango wa nje, unaopigwa jua asubuhi na mvua mchana, unataka mbao ya mti. Lakini mbao hiyo iwe imekauka. Niliwaeleza hivyo, na nilipofika kwenye neno hilo la mwisho niliishia hapo. Niliomba wanipe mpaka Jumamosi.

Sasa nakuambia nilichowaambia Jumamosi.

Mti ule wa mukima, ambao marehemu Janeffer wako aliupanda mpakani mwa majani chai, uliutoa kwa kanisa kwa ajili yake. Ulikatwa Januari mwaka jana. Mimi nilikuahidi kwamba mbao zitapangwa kivulini, vijiti katikati ili hewa ipite, mpaka Julai. Sikuzipanga. Wiki ileile mwalimu Vivian alinipa kazi ya jikoni kwake kule Kapkatet, makabati tu, bodi tupu, zile biskuti zangu. Kazi ikavuta miezi. Mbao zako nilizirundika nyuma ya karakana, nikazifunika nailoni, zikakaa humo na jasho lake. Niliporudi kuzifunua zilikuwa na ukungu mweupe, na siku ya wageni ilikuwa imebaki wiki tatu. Ulipita karakana ukaniuliza kama zimekauka. Nilizigonga kwa kidole mbele yako nikasema zinalia kama kengele.

Halafu mlango ulipogoma, wazee wakaniuliza sababu, wewe ukiwa umesimama palepale. Nikasema mti ulikatwa mwezi ukiwa mchanga. Sote tumelelewa na imani hiyo, watu wa kwenu na wa kwetu, kwamba mti wa mwezi mchanga hupinda, kwa hiyo nilijua hakuna atakayeuliza swali la pili. Na siku ile ya kukata uliichagua wewe, kwa kuwa Sally alikuwa nyumbani na ulitaka aushuhudie mti wa mama yake ukianguka. Ulitazama kofia yako mkononi, ukaenda. Jumapili iliyofuata kiti chako kilikuwa kitupu, na kabla Septemba haijaisha tukasikia umehamia kwa Sally. Nimeona aibu kila siku tangu hapo, na kila siku nimenyamaza.

Sasa kile kipande. Siku ya kupasua mti, Phanice alichukua ubao mmoja mfupi akauweka jikoni juu ya moto, apangie mikebe ya unga. Umekaa pale mwaka na miezi minne. Wiki jana niliushusha, nikaufuta masizi, nikaweka rula. Ndio huo nimekutumia: mti uleule, uliokatwa mwezi uleule.

Wazee walinisikiliza mpaka mwisho. Nyabate alivua miwani akasema kwamba jina la mti na la mwenye mti litasafishwa madhabahuni Jumapili ijayo, na mimi ndiye nitakayesimama kulisema. Kuhusu mlango, kamati imekubaliana kwamba bodi ama mbao, mwenye kuchagua ni wewe. Fundi pia utamchagua wewe. Ukitaka mwingine, nitampa randa zangu azitumie.

Msalimie Sally, na watoto wake uwabariki kwa niaba yetu. Phanice anasema chai yako ya maziwa mengi bado anaijua kuipika.

Ukimaliza kusoma, fungua kile kipande, kiinue mpaka usawa wa jicho, ukitazame ukingoni. Ukikuta kimepinda hata kidogo, basi mwaka jana nilisema kweli.

Ni mimi niliyekukosea,
Obure, fundi