Malaika Hanywi Uji

Jumatatu, 6 Mei

Somo la leo chekechea: malaika. Wameumbwa kwa nuru, nasi kwa udongo. Hawali, hawanywi, hawalali, hawachoki. Watoto walitulia — ajabu, maana kundi hili hutulia likiwa usingizini tu. Yule tunayemwita Redio, kwa kuwa mdomo wake haujui mapumziko, aliuliza kama malaika huenda chooni. Darasa likaangua kicheko. Nilimjibu kwa uzito unaostahili: asiyekula wala kunywa aende kufanya nini? Akaridhika.

Mwishoni nikaweka mkono juu ya kichwa cha yule binti mwenye ualbino, nikasema nasi tunaye wa kwetu hapa. Alitabasamu hadi macho yakafumbika. Jina la Malaika nilimpa mimi, siku ile ya kwanza alipoletwa, baada ya kusikia mlangoni lile neno la kuwadharau wenye ualbino, ambalo siliandiki. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yangu. Alhamdulillah.

Mwalimu wa chekechea — kwa umri ni mjukuu wangu — amerudia ombi lake kwa kamati: vitabu vya picha vyenye watoto wa kila namna, na wanasesere wasiofanana. Nikiwa mwenyekiti nimemjibu kama mwanzo. Watoto wote ni sawa mbele ya Mola wao. Picha za nini? Akasema, "Sawa, Maalim." Sawa ya mtu ambaye hajakubali.

Jumatano, 8 Mei

Nilipita wakati wa uji. Yule mnene tunayemwita Kibonge ana vikombe viwili! Cha pili cha nani? "Cha Malaika, Babu. Yeye hanywi." Nikacheka sana. Nikamwambia akirudishe.

Mkekani wamemwachia nafasi huku na huku, hakuna anayemgusa. Redio akanieleza: ni ya mabawa. Nimependezwa na adabu yao.

Alhamisi, 9 Mei

Astaghfirullah.

Nimeitwa asubuhi. Yule binti amekutwa nyuma ya jengo, kwenye jua kali, kofia ameivua, mikono ya gauni ameikunja hadi mabegani. Amesimama tu. Hakulia. Mashavu, shingo, mikono — vyekundu kama vilivyomwagiwa maji ya moto. Mwalimu akimpaka dawa alimuuliza kwa nini. Akajibu: nuru haiungui.

Sikuyasema maneno hayo Jumatatu. Nilisema tu yote yanayofikisha huko.

Kumbe hata uji hakunyang'anywa. Anaugawa mwenyewe. Na chakula cha mchana pia, tangu Jumatatu. Kwa radhi yake, ili awe vile nilivyomwita. Nami jana nilicheka.

Mama yake, fundi cherehani, alifika mbio, futi ya kupimia ingali shingoni. Hakunitukana. Laiti angenitukana. "Maalim, nakuheshimu kama baba. Lakini mwanangu ana ngozi. Ngozi! Tangu nimzae nahangaika na mafuta na kofia, halafu wewe unamfundisha haungui?" Nilitaka kujitetea. Mama akambeba mwanawe. Mlangoni akageuka: hamrudishi tena.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeswali safu ya mbele, kama kawaida yangu. Hotuba sikuisikia.

Mwalimu alinifuata baada ya watoto kuondoka. "Maalim, humu ndani hana anayefanana naye, hata kwenye kitabu. Akijitafuta anakuta malaika tu." Hakuinua sauti.

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Lile neno la mlangoni lilimtoa katika watu kwa kumshusha. Langu likamtoa kwa kumpandisha. Yuko nje vilevile, na wa kwangu ndio mlango aliotokea akitabasamu.

Tena nilikuwa na elimu yake. Walimu wangu walinifundisha kwamba udongo wa Adamu ulikusanywa kila pahala pa ardhi, mweusi, mweupe, mwekundu, ndiyo maana wanawe wana rangi zote. Nimelifundisha hilo kwa watu wazima mara zisizo na idadi. Nilipomtazama mtoto huyu mmoja, likaniponyoka. Nikaona nuru. Nani aliniambia nuru ni rangi yake?

Jumamosi, 11 Mei

Nimekwenda kwao. Mama alinionyesha kiti bila kunitazama, cherehani hakuisimamisha. Mtoto amelala ubavu, shingo imetoa malengelenge. Sahani iko pembeni, imepoa. Mama anasema tangu juzi ni maji tu, nayo kwa kubembelezwa.

— Mjukuu wangu, wewe si malaika.

— Ulisema.

— Nilikosea. Wewe ni mtu. Wa udongo, kama mimi.

Akanitazama mikono, kisha akaitazama yake.

— Nikiwa mtu wataniita lile jingine.

— Hawatakuita.

— Wataniita. Malaika hawamwiti.

Cherehani ikanyamaza. Jina nililompa kumbe lilikuwa ukuta wake, nami nimekuja kuubomoa nikiwa mikono mitupu.

Mwishowe akaniwekea sharti. Niwaambie wote, mimi mwenyewe, kwamba nilikosea. Na Redio awepo. Nikasema na Redio atakuwepo. Hapo akakubali maziwa, nusu kikombe. Uji ataunywa nikishasema.

Mama kanisindikiza hadi kizingitini tu. "Jumatatu hiyo moja, Maalim. Kisha nitaona."

Jumatatu, 13 Mei

Naandika humu humu darasani, nimekalia kiti cha watoto, magoti karibu na kidevu. Bora mkono niupe kazi.

Nimesema. Nilisimama mbele yao kabla ya uji: nilikosea, mwenzenu si malaika, ni mtu, anaona njaa, jua linamuunguza, akiguswa anajua ameguswa. Kisha Redio, kama nilivyotarajia:

— Babu, kwani wewe unakosea?

— Nakosea.

— Hata dini?

Mwalimu akainamisha uso. Nikasema hata katika kuifundisha dini.

Kibonge akakisukuma kikombe cha yule binti hadi mbele yake, akikitazama kama anayemuaga ndugu. Wakacheka wote. Naye akacheka! Akakishika kwa mikono miwili.

Ndipo ikatoka sauti nyuma. Ndogo, wala haikuwa na ubaya, sauti ya mtoto anayetaka tu kujua: "Kwa hiyo ni..." — na lile neno.

Binti alinigeukia mimi, hakumgeukia aliyesema. "Unaona, Babu?"

Nilifungua kinywa nimwite kwa jina lake, wote walisikie. Sikulijua. Tangu aletwe, sikuwahi kuuliza! Nimesimama pale, mzee mzima na kanzu yangu, nikikitafuta kichwani kitu ambacho sikupata kukiweka.

Mwalimu hakukemea. Amewaketisha duara, amesema neno hilo watalizungumza, lakini kwanza kila mtu ataje jina alilopewa na wazazi wake, na wengine walisikilize. Redio kataja la kwake na la babu yake na la jirani. Kibonge kataja kwa aibu. Duara linazunguka. Kikombe kingali kimejaa mikononi mwake, na macho yake yananitazama mimi ninayeandika.

Anayefuata ni yeye. Naiweka kalamu chini, nisikie.