Mistari tatu ya bahasha

Sake, siku ya ine, jioni

Na ni mimi mwenyewe niliutoa ule mustari. Hakuna mwengine wa kusingizia.

Mashini ya Goma yenye kuchapa adresi kwenye bahasha inakubali mistari tatu tu. Liste yetu ya wakimbizi wa kambi ya Kashuga ilikuwa na ine: jina, kijiji, teritware (ni kusema wilaya), bloku ya kambi. Wakati wa kugeuza liste ili mashini iisome, nilifuta ya mwisho. Niliona inazidi tu.

Leo Papa Bahati, mwenye kutupelekea bahasha na pikipiki, amerudisha karibu bahasha zote. Ndani mwa kila moja iko jeton, kile kikaratasi cha kupokelea mbegu ya maharagi.

"Dada, nilifika mpaka kijijini Kibabi," akasema. "Manyumba iko, bantu hakuna. Unipatie adresi ya kwenye muntu iko, hapana ya kwenye alitoka."

Mvua imeshaanza, na shamba haingojee mutu.

Kesho nitarudilia liste yote: bloku ibaki, kijiji kitoke; teritware haitoki, njo Goma wanafuata wakipanga bahasha. Ingekuwa kazi ndogo, lakini mama yangu pia iko mule ndani ya liste. Siku ya kumuandikisha, mbele ya hema yake, nilimuuliza anakaa wapi.

"Kibabi."

Nikamwambia, Mama, hapa ni Kashuga.

"Hapa ninalala tu. Andika Kibabi."

Sasa mukono wangu njo utafuta Kibabi. Ningejificha nyuma ya mashini, lakini mama anajua kusoma: ataona bloku ya kambi pale aliomba Kibabi.