Saa Moja Baada ya Kula

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki. Tumbo tupu, hata chai sijanywa, ndiyo sheria yao. Mama yangu ana kisukari, kwa hiyo wananipima sukari kila mara. 4.8. Nesi: "Hongera mama, uko vizuri." Duka langu la spea za magari hapa Sakina nimefungua saa tano, wateja wameshakwenda kwa jirani. Hasara. Mimba miezi sita.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeitwa tena. Wageni wa mradi kutoka nje wanafanya kazi na madaktari wetu, kuhusu wajawazito na kisukari. Nilikwenda nimenuna. Wageni huja, hupiga picha, huondoka. Huyu mmoja aliuliza, Daktari Neema wetu akatafsiri: "Ukishakula, sukari inasoma ngapi?"
Hakuna aliyewahi kunipima nimeshiba.
Nimepewa mashine. Saa moja baada ya kila mlo, isifike 7.8.

Jumamosi, 8 Machi
Kikatiti, kijijini kwa mama mkwe. Mtori wa ndizi bakuli mbili, juu yake uji wa ulezi wa sukari. "Kula, mwanangu, mko wawili."
13.9.
Mashine mbovu. Nikanawa mikono, nikarudia. 13.7. Mama mkwe kacheka: "Hako kadude kanakusengenya." Sikucheka.

Jumatatu, 10 Machi
Picha ya tumbo: mtoto mkubwa kuliko wiki zake. Naanza sindano za insulini.
Mwanangu wa kwanza alizaliwa amekufa. Kilo nne na nusu. Tumbo lile watu walilisifia. Walisema mapenzi ya Mungu, nikakubali.
Nimemuuliza Neema: ningepimwa hivi wakati ule, ingeonekana? "Dada, huenda ingeonekana." Mgeni anasema kwao hupima hivi siku zote. Siku zote! Kumbe njia ilikuwepo, ila huku haikufika.
Nilikaa nje kwenye benchi. Bei ya kila nati dukani naijua. Namba hii moja, hapana.

Jumapili, 16 Machi
Mama mkwe kaja mwenyewe, kapika mchicha na ugali kidogo. Tukasubiri saa moja. 6.8.
Nikamwambia alichosema Neema kuhusu wa kwanza. Akakaa chini. Mimi sikuonyeshwa, wanawake wazee ndio waliomzika, yeye akiwemo. Hatujawahi kuliongea.
"Alikuwa wa kike," akasema. "Alikuwa na nywele nyingi."
Akaosha vyombo. Mimi nikafuta.