Kifo Kilipanda Nyuma

Jumatano, Julai. Baridi, na upepo wa mlimani haujatulia tangu asubuhi.

Naandika nikiwa nimekaa ndani ya pikapu yangu, nje ya hospitali. Jua linazama. Mjukuu wangu yuko wodini na mpira wa oksijeni puani. Daktari amesema tusubiri hadi asubuhi. Hakusema tusubiri nini.

Niyaandike kwa mpangilio, kama ninavyoandika habari za watu wengine.

Leo nilitoka Maretadu. Juzi tulimzika mjomba wangu, mzee aliyekufa kwa uzee, na jeneza lake lilibebwa na pikapu hii kwa sababu hapakuwa na gari lingine. Nilikuwa narudi Babati, nikaamua kuzunguka hadi Dirma kumwona binti yangu Paskalina, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza mwezi huu.

Paskalina ameolewa na Gidamis, kijana wa Kibarbaig. Zamani Gidamis alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kabla hayajabinafsishwa. Sasa anachunga ng'ombe wa baba yake. Binti yangu alijifungulia zahanati, akarudi nyumbani kwa mama mkwe wake, Bibi Udagwenga, akaingia ndani. Kule mzazi akiingia ndani, ameingia kweli. Anakaa na mtoto wake kwa miezi, haendi maji wala kuni, analishwa maziwa na samli, haonekani ovyo. Na mtu aliyetoka kwenye mazishi hamkaribii kabisa. Kwetu milimani mwanamke anarudi kushika jembe mtoto hajajua hata kucheka. Nimeyaona yote mawili na siwezi kusema ya kwetu ni bora.

Bibi Udagwenga alinikuta kwenye lango la ua wa miiba. Nilimwamkia, akaitikia. Huniita Bwana Gazeti tangu siku ya mahari, kwa kuwa niliuliza maswali kuwazidi washenga wote.

"Karibu, Bwana Gazeti. Umetokea wapi?"

"Maretadu. Tumezika."

Akarudi nyuma, akalaza fimbo yake chini katikati yetu. "Basi kaa hapo hapo."

Nikakaa nje ya ua. Ningeweza kusema nimetoka mnadani. Neno hilo halikunijia. Nimefanya kazi ya kusema jambo lilivyo kwa miaka mingi, na mdomo umezoea kutangulia.

Hapo nje ndipo nilipomsikia mtoto. Hakuwa analia. Alikuwa anaguna kila anapotoa pumzi, mguno mfupi, kama mtu anayesukuma mzigo. Nimeandika sana habari za wodi za watoto. Sauti hiyo naijua.

"Paskalina!"

"Abee, baba." Alijibu kutoka nyuma ya ukuta wa udongo.

"Mtoto ananyonya?"

"Tangu alfajiri hataki."

"Mfunue kifua. Akivuta pumzi, chini ya mbavu kunakuwaje?"

Nikasikia nguo ikifunuliwa. "Kunabonyea ndani."

"Pua?"

"Zinatanuka." Kisha, kwa sauti ya chini: "Baba, ni mbaya?"

"Ni ya hospitali. Sasa hivi."

Gidamis akatoka ndani. Pikipiki ya jirani ilikuwa imeshakwenda mnadani, na gari lililokuwepo lilikuwa langu tu. Aliitazama pikapu, akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anatazama nyuma ya pikapu, kwenye kamba iliyokuwa bado imelala pale na udongo mwekundu.

"Kamba hiyo ilifunga nini?"

"Jeneza," nikasema.

Huyu si mwanamke mkatili. Alizika watoto wawili wakiwa bado wananyonya. Alinisimulia hapo hapo, bila kupaza sauti: mgeni alikuja kutoka mazishini, hakusema, akakaribishwa, akanywa maziwa. Mwezi haukuisha, akazika.

"Mama, mjomba wangu alikuwa mzee sana. Alikufa kwa uzee tu."

"Kifo ni kifo. Umekipakia kwenye gari, umekileta mpaka kwangu, halafu unaniambia kilikuwa na mvi?"

"Mama, mtoto anaguna," Gidamis alisema.

"Nasikia. Mimi si kiziwi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anaogopa kama mimi. Tulikuwa tunamwogopea mtoto yule yule. Mimi nilikiona kifo kifuani mwake, yeye alikiona kwenye gari langu.

Paskalina akasema kutoka ndani: "Mama, mimi natoka."

"Ukitoka umeharibu kila kitu."

"Basi nitoe wewe. Nikitoka kwa mkono wako sijaharibu."

Bibi aliinama. Aliokota fimbo yake, akaizunguka pikapu polepole, akigonga bodi hapa na pale kama anayekagua ng'ombe wa kununua. Mtoto aliguna. Nilijizuia nisiseme neno. Nilijua neno langu moja zaidi lingemfanya akatae.

"Kilikaa wapi?"

"Nyuma."

"Huku mbele hakikukaa?"

"Hakikukaa."

Akafungua mlango wa mbele, akanusa ndani.

"Kifo kilipanda nyuma. Mtoto atapanda mbele. Na wewe uliyekibeba, panda kule kule ulikokipakia."

"Nani ataendesha?"

Akamwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Huyu si aliendesha matrekta ya serikali mpaka serikali yenyewe ikachoka?"

Alinyunyiza maziwa kwenye kiti kwa majani mabichi. Gidamis akaisogeza pikapu mpaka mlango wake ukakaribia kugusa mlango wa nyumba. Niliamriwa nigeuke, nikageuka. Niliachiwa tu sauti: mlango, ngozi ya kumfunika mzazi ikiburuzwa, mguno, mlango.

Gidamis aliendesha kama analima. Alikaa wima, akashika gia ndogo, akapunguza mwendo kwa kila korongo. Mimi nilikuwa nyuma, nimekaa juu ya bati, mgongo kwenye upepo. Kupitia kioo niliona kichwa cha binti yangu kimefunikwa ngozi, na mkono wa Bibi ukiinua pembe ya ngozi ile, ukiishusha, ukiinua tena. Injini ilimeza sauti nyingine zote. Sikuweza kujua kama mtoto bado anaguna. Kwa hiyo kila Bibi alipoinua ngozi nilimtazama yeye usoni. Nimewahoji mawaziri wakati nchi inauza viwanda na mashamba yake, na nyuso zao zilisomeka kuliko ule.

Niligonga paa aongeze mwendo. Gidamis akatoa mkono dirishani, akanionyesha kiganja: tulia.

Niliogopa. Naliandika neno hilo mara moja.

Tulipoingia getini, mimi niliyekuwa juu niliona kabla yao. Wahudumu wawili walikuwa wanasukuma kitanda kilichofunikwa shuka kuelekea nyuma ya majengo. Kilichokuwa chini ya shuka kilikuwa kidogo. Mwanamke aliwafuata, kanga ya kubebea iko mkononi, mgongoni hana kitu. Walikuwa wametoka wodi ya watoto. Gidamis alikuwa anatafuta pa kuegesha. Bibi alikuwa ameinamia ngozi.

Kwenye mlango wa wodi hiyo hiyo Bibi alisimama, akamshika Paskalina mkono. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi.

"Humu ndani leo amekufa mtu?" alimuuliza nesi.

Nesi hakusikia, alikuwa ameshatangulia ndani kuandaa mashine. Bibi akanigeukia mimi.

"Bwana Gazeti. Wewe langoni kwangu ungeweza kunidanganya, hukunidanganya. Humu leo amekufa mtu?"

"Hapana," nikasema.

Akauachia mkono.

Daktari amesema ni nimonia. Wamemchoma sindano, wamempa oksijeni. Bibi amekaa chini pembeni ya kitanda, anamsemesha kwa lugha yake. Mimi sijaingia. Nimesimama dirishani mara kadhaa nikaona kifua kinapanda na kushuka. Bado kinabonyea.

Siamini kwamba kifo hunata kwenye kamba au kitandani. Lakini hilo silo lililonikalisha hapa. Mwanamke huyu aliuliza swali moja lililo wazi, akamchagua wa kulijibu kwa sababu alimwamini, na yule akamjibu kinyume cha alichokiona kwa macho yake. Nimewafukuza vijana kazini kwa chini ya hapo. Na kama ningeulizwa tena sasa hivi, ningejibu vile vile. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Mtoto akipona, Bibi atasema maziwa yake yalisafisha gari. Sitambishia. Asipopona, ataanza kutafuta kifo kilipoingilia, na ataniuliza tena.

Paskalina husoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni. Kwa hiyo haya nimeyaandika kwanza kwenye karatasi. Mjukuu wangu akitoka humu mzima, nitakwenda Dirma, nitakaa nje ya ua mpaka nikaribishwe, nimwambie bibi yake kwa mdomo wangu nilichokiona nilipokuwa juu ya pikapu. Ndipo nitakapoyabandika hapa.

Asipotoka, hayatasomwa na mtu.