Leo Nimeanika Maji

Jumanne, Novemba. Ng'ambo, Tabora. Jua kali tangu asubuhi. Mawingu yapo, lakini hayana nia.

Natangaza rasmi, kwa wanaohusika na kwa wengi wasiohusika, kwamba leo asubuhi nimeanika maji. Beseni moja, la bati, maua yake yamefifia. Nimeliweka juu ya kigoda uani, upande wa kusini, kisha nikasimama kando yake kama afisa anayepokea gwaride.

Mama Siwema, jirani yangu muuza vitumbua, alikuwa anafungua mbuzi wake. Akaniangalia, akaliangalia beseni.

"Shikamoo, babu. Unaanika nini?"

"Marahaba. Maji."

"Kwani yamelowa?"

Nimeshona nguo za mtaa huu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijawahi kukosa jibu la kumpa Mama Siwema. Leo nimelikosa.

Jibu lenyewe ni refu. Linaanzia Ipole, kusini mwa hapa.

Kabla ya Operesheni Vijiji tulikaa porini huko, nyumba chache za ukoo mmoja. Chini yetu bondeni, kwenye mizizi ya mkuyu, palikuwa na kisima cha mama yangu. Nasema cha mama kwa sababu kwetu kisima kilikuwa mali ya anayekifukua, hata kama kilichimbwa na mwingine. Kila mwisho wa kiangazi matope hujaa na majani huoza, na lazima mtu ashuke na jembe ayatoe mpaka jicho la maji lionekane tena. Kisima kisichofukuliwa hufumba jicho, na likishafumba, maji hutafuta njia nyingine. Mama alikirithi kwa mama yake. Sufuria yenye masizi haikuruhusiwa kuyagusa maji yale. Aliamini kisima kina haya, kama mkwe.

Lori likaja. Lilituchukua sisi, kuku wetu na milango yetu. Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara, nyumba zimepangwa kwenye mstari mnyoofu kama wanafunzi wanaosubiri kuchapwa.

Mama alihama bila ubishi. Watu walimsifu. Kesho yake alfajiri akajitwika mtungi akarudi mahame kuchota maji. Na siku iliyofuata hivyo hivyo. Punde wanawake wengine wakawa nyuma yake, kila mmoja na sababu yake: huyu kasahau mchi, yule kaacha kuku anayeatamia.

Mwenyekiti wa kijiji akaja nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na amri kutoka juu kwamba watu wasirudi mahame, na amri ikiwa mfukoni mwa mtu humwasha.

"Mama, maji ya kijiji yana nini?"

"Hayana kitu, baba. Hatujazoeana tu."

Akacheka. Kisha akasema, kwa upole, kwamba safari zikiendelea itabidi visima vya mahame vifukiwe kwa udongo, kwani pasipo kisima njia hufa yenyewe. Ule upole ndio uliotutisha. Mtu anayefoka unaweza kumsubiri apoe. Huyu alikuwa amekwisha poa.

Nilimwona mama akiuangalia mtungi wake kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe mwalimu, wafundishe hawa. Maji ni maji."

Mwalimu ndiye mimi. Nilikuwa na darasa la nne, na kwa hilo nilikuwa msomi wa kijiji kizima, nikifundisha elimu ya watu wazima kwa kujitolea. Darasa letu lilikuwa ndani ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku. Tulisoma huku tunapiga chafya.

Nikachukua kijitabu, nikakisoma usiku ili asubuhi nionekane nilizaliwa nacho kichwani. Nikainjika sufuria, nikafunika. Maji yalipochemka nikafunua, nikawaonyesha matone yaliyoning'inia chini ya kifuniko. Nikawaambia: jua ni moto, ziwa na bwawa na kisima ni sufuria, na huko juu kwenye baridi ndiko kwenye kifuniko. Hata majani ya miti hutoa mvuke. Mvuke hupanda, hupoa, hugeuka wingu, hushuka mvua. Mvua nyingine hutiririka mtoni, nyingine huzama ardhini ikatokea chini ya mkuyu wa mtu. Maji hayapotei. Yanahama tu, kisha yanarudi.

Mzee mmoja nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, na yenyewe yanahamishwa kwa lori?"

Bani zima likaangua kicheko. Mwenyekiti, aliyesimama mlangoni, hakucheka. Mimi nilijifanya nafuta ubao.

Mama naye hakucheka. Alikuwa bado analiangalia tone kwenye kifuniko.

Njiani tukirudi akaniuliza, "Maji yakipanda kutoka kwenye beseni langu, yanaweza kushuka kwetu?"

"Yanaweza kushuka popote, mayu."

"Popote, na kwetu pamo?"

"Pamo."

Kesho yake hakwenda mahame. Alichota maji ya kisima cha kijiji, akayamimina kwenye beseni la bati lenye maua, akaliweka juani nyuma ya nyumba, upande wa kwetu. Jioni likawa limepungua. Asubuhi akaongeza.

Minong'ono ikaanza. Jirani mmoja akashindwa kuvumilia, akamwita mama kwa jina lake. "Mwashi, mwenzetu, unamloga nani?"

"Simlogi mtu. Natuma maji nyumbani."

Mwenyekiti akaletewa habari. Akaja, akalizunguka beseni, akaniangalia mimi mwalimu. Nadhani alikuwa anatafuta amri iliyovunjwa, akaikosa. Safari zilikuwa zimekoma, wengine nao walikuwa wameacha. Visima havikufukiwa.

Mama alikuwa amebadilisha kitu kwa kitu: aliacha njia ili kisima kiishi.

Kiangazi kilipokwisha akaniambia, "Nenda ukaangalie. Wewe mwalimu, hawatakuuliza." Nikaenda, nikisema nakwenda kuangalia mizinga ya nyuki. Jicho lilikuwa karibu kufumba. Nikafukua mpaka maji yakatoka, membamba kama uzi. Mvua za kwanza ziliponyesha nikaenda tena. Kisima kimejaa mpaka kwenye mizizi.

Nikampa habari.

"Yamefika," akasema.

Nilikuwa na jembe begani na matope mpaka magotini. Sikuona haja ya kujitangaza.

Aliendelea kuanika maji mpaka mwaka aliofariki. Beseni likabaki kwangu, na kazi ya kufukua vilevile. Vijiji vililegea baadaye, watu wakatawanyika tena, mimi nikaja mjini na cherehani yangu. Lakini kila mwisho wa kiangazi nilipanda gari kwenda Ipole, nikashuka barabarani, nikatembea mpaka bondeni.

Mwaka huu goti limekataa. Gari linanifikisha barabarani tu. Kutoka pale mpaka kwenye mkuyu ni miguu, na miguu ndiyo sina. Wanangu wanauita mkuyu ule "shamba la babu", na hakuna hata mmoja anayeijua njia yake.

Kwa hiyo mwaka huu hakuna wa kufukua.

Nimesoma mengi baada ya kijitabu kile. Najua mvua zetu huletwa na pepo za mbali, za upande wa bahari na za misitu ya Kongo, na beseni la fundi cherehani wa Ng'ambo halimo katika hesabu hiyo. Najua pia maji ya bondeni kwetu huenda mto Ugalla, yakaingia Malagarasi, yakafika Ziwa Tanganyika, yakielekea magharibi kama misafara ya zamani iliyopita hapa Tabora. Tofauti ni kwamba maji hayabebi pembe za ndovu kwa ajili ya mtu, na hurudi yote.

Na najua kubwa kuliko hayo: mvua haishiki jembe. Hata yote ikinyesha bondeni kwetu, jicho lililofumba halifumbuki kwa kunyeshewa. Mama alilijua hilo, ndiyo maana alinituma. Mimi sina wa kumtuma.

Nimeanika tu.

Mchana kutwa nimeshona suruali moja, na kila baada ya mshono nimechungulia dirishani. Niliona aibu, halafu aibu ikaisha, nikawa nangoja kwa dhati kabisa. Nilijiuliza: je, mama aliamini, au alikuwa anahitaji tu kitu cha kufanya na mikono yake kila asubuhi? Na mimi je?

Alasiri nimetoka kuangalia. Beseni lilikuwa kavu, halina hata tone. Maji ambayo kwa mama yalipungua tu mpaka jioni, jua la leo limeyamaliza kwa mchana mmoja. Nimesimama pale nimeshika ukingo wa kigoda, nimeangalia kusini.

Kisha nimemwona mbuzi wa Mama Siwema nyuma ya kigoda. Ndevu zake zilikuwa zinadondosha maji.